Samaki wa Kalokol, Mizizi ya Shinyanga

Wajukuu zangu, leo sungura na fisi wapumzike. Nataka tusafiri hadi Kalokol, kaskazini mwa Kenya, kando ya Ziwa Turkana. Huko jua halina huruma. Mchanga unaunguza mpaka unausikia ndani ya kandambili, na upepo wa asubuhi unakujaza vumbi masikioni kabla hujamaliza chai. Katikati ya ukame huo kuna jengo kubwa la kiwanda. Lilijengwa ili samaki wa ziwani wasafishwe, wagandishwe, wapelekwe kuuzwa mbali. Majokofu yaliwashwa, yakafanya kazi siku chache, yakazimwa. Ikawa basi.

Fedha za kiwanda hicho zilitoka Norway, nchi ya mbali upande wa kaskazini wa dunia. Mipango ilianza mwaka 1971, na gharama inayotajwa ni dola za Marekani milioni 22 hivi. Kila ninapowasimulia watoto habari hii, wapo wanaocheka. Msicheke. Wanorway ni wavuvi tangu enzi za mababu zao. Waliona watu wanapoteza mifugo kwa ukame huku kando yao kuna ziwa lenye sangara na sato, wakafikiri kama ambavyo hata mimi ningefikiri: watu hawa wavue, sisi tuwajengee kiwanda, wapate kazi na fedha. Serikali ya Kenya ilikubaliana nao. Nia ilikuwa njema, tena njema kabisa.

Ila Mturkana ana hesabu yake. Utajiri wake una miguu minne: ng'ombe, ngamia, mbuzi, kondoo, punda. Mahari inatolewa kwa mifugo, na mtu anaheshimiwa kwa mifugo. Wapo waliovua, lakini wengi wao walivua kwa sababu ukame uliwamalizia mifugo, na fedha ya kwanza waliyoipata waliiweka kununua mbuzi, ili warudi kwenye maisha yao. Ziwa kwao lilikuwa mahali pa kujishikiza wakati wa shida. Jambo hilo hukuhitaji kuwa profesa kulijua. Ulihitaji kukaa chini ya mti na mzee mmoja wa Kiturkana, ukamuuliza, ukanyamaza ukamsikiliza.

Halafu fikirini kazi yenyewe ya kugandisha samaki. Nyumbani mkiweka samaki kwenye friji, umeme unatoka ukutani. Kalokol ukuta huo haukuwa na umeme wa kutosha kuendesha majokofu ya kiwanda, kwa hiyo lazima uuzalishe mwenyewe palepale, na mafuta ya kuuzalisha yanatoka mbali. Samaki anahitaji kuoshwa kwa maji safi, na maji ya Ziwa Turkana yana magadi. Piga hesabu: gharama ya kumgandisha samaki mmoja ikiwa kubwa kuliko bei utakayomuuza, kadiri unavyogandisha wengi ndivyo hasara inavyokua. Ndiyo maana majokofu yalizimwa. Miaka ya 1980 ikaja balaa nyingine: ukame ulishusha maji ya ziwa, na Ghuba ya Ferguson, ambako samaki wengi walikuwa wakivuliwa, ikakauka. Jengo likageuzwa ghala la samaki wakavu, yaani wale waliokaushwa kwa jua kama ilivyokuwa tangu zamani.

Mwaka 1990 yakatokea mengine ambayo hayakuhusu samaki hata kidogo. Serikali ya Kenya na serikali ya Norway ziligombana kuhusu Koigi wa Wamwere, mwanasiasa wa Kenya aliyekuwa ameishi Norway kama mkimbizi na baadaye akakamatwa na kushtakiwa kwa uhaini. Kenya ikavunja uhusiano, Wanorway wakafunga virago, na misaada ikakoma. Mtoto wa Turkana aliyekuwa akisubiri kisima hakuwa na neno katika ugomvi ule.

Niseme na hili, maana msimuliaji akificha upande mmoja amedanganya: barabara iliyojengwa kwa fedha za Norway kutoka Kitale kwenda Lodwar hadi Kalokol iliwafaa watu kwa miaka mingi. Watu walikuwa wanataka kwenda sokoni, hospitali na shule, na barabara iliwapeleka.

Sasa tuhame. Twende Shinyanga, Tanzania, kwetu nilikozaliwa. Na mfadhili wa huko ni nani? Ni Norway ileile.

Nilipokuwa mtoto, babu yangu alikuwa na ngitili. Neno hili ni la Kisukuma. Mvua za kwanza zikianza kunyesha, mzee anatenga eneo la malisho na kulifunga. Haweki uzio wala haajiri mlinzi. Kila mtu anajua mpaka umepita kwenye mti ule na kichuguu kile, na mtoto akiingiza ng'ombe humo ataulizwa mbele za watu yeye ni mtoto wa nani. Majani yanakua, yanakomaa, yanakauka yakiwa yamesimama. Ukifika mwezi wa saba au wa nane, malisho ya kila mahali yakiwa yamekwisha, ndipo ngitili inafunguliwa. Wanaanza ndama, wanafuata ng'ombe wa maziwa na maksai wa kulimia. Nakumbuka mbavu za maksai wetu zikijaa taratibu kila siku ndani ya ngitili, hadi wanakuwa na nguvu ya kuvuta jembe mvua zinaporudi. Akiba yetu ya mwaka ilikuwa imesimama pale porini, inanukia majani makavu.

Ngitili zile zilipotea, na haikuwa kwa siku moja. Wakoloni Waingereza walikuwa wameshafyeka misitu mikubwa ya mkoa wetu ili kuangamiza mbung'o, inzi anayeleta malale. Kisha pamba ikahitaji mashamba, na mifugo ikaongezeka. Mwaka 1974 ikaja Operesheni Vijiji. Tukahamishwa kwenda kukaa pamoja kijijini, na maeneo ya wazee yakabaki bila mwenyewe. Jambo la wote likageuka kuwa la yeyote. Kila mwenye shoka alikata. Nilipokuwa kijana, ukisimama kwenye kilima cha kwetu ulikuwa unaona udongo mweupe mpaka macho yanachoka. Mama yangu aliondoka alfajiri kutafuta kuni na kurudi jua likiwa kichwani. Siku nyingine tulipikia kinyesi cha ng'ombe. Kulikuwa na watu waliouita mkoa wetu jangwa la Tanzania, na hatukuwa na la kuwajibu.

Mwaka 1986 serikali ya Tanzania ilianzisha mradi uliopewa jina la Hifadhi Ardhi Shinyanga, kwa kifupi HASHI, na Norway ikauchangia fedha kwa miaka mingi. Hapa ndipo pa kunisikiliza kwa masikio yote mawili, kwa sababu HASHI nayo ilianza kwa kukosea. Wataalamu walianzisha vitalu, wakaotesha miche, mingi ya miti ya kigeni, wakawagawia watu. Mche unahitaji maji mpaka ushike, na kwetu maji ya kunywa yenyewe yalikuwa taabu. Mchwa wakala, mbuzi wakala, jua likamalizia. Tena mche ambao hukuuomba unaumwagilia kwa uvivu; hilo nalijua, nilikuwapo.

Mradi wa namna hii mara nyingi ungeandika ripoti nzuri, ungepiga picha za vitalu na kuondoka. HASHI ilikaa, ikabadilika. Wataalamu walirudi kwa wazee na kuwauliza: kabla ya sisi kuja, nyinyi mlikuwa mnafanyaje? Wazee wakawaambia habari ya ngitili. Na walipochunguza ardhi, wakaona jambo ambalo hadi leo likinijia nafurahi kama mtoto: mizizi ilikuwa hai. Miti ilikuwa imekatwa juu, lakini visiki na mizizi vilikuwa bado vinapumua chini ya udongo ule mweupe, kila mwaka vinatoa machipukizi, na kila mwaka mbuzi na shoka vinayamaliza. Haikuhitajika kupanda. Ilihitajika kufunga eneo na kuliacha lipumzike.

Lakini nani atafunga, na nani atalinda? Usukumani tuna dagashida, mkutano wa jadi ambapo wanakijiji wanakaa na kukubaliana sheria zao. Huko ndiko walikoamua ngitili hii ni ya ukoo fulani, ile ni ya kijiji, ile ni ya shule, na anayekata mti au kuingiza mifugo kabla ya wakati atatozwa faini gani. Sungusungu, jeshi la jadi la kulinda vijiji, wakakabidhiwa ulinzi. Fedha za Norway ziliwalipa wataalamu, zikawezesha usafiri na mafunzo. Wazo na sheria vilikuwa vya Wasukuma, na ulinzi waliufanya wenyewe.

Mradi ulipoanza, ngitili zilizokuwa zimebaki zilikadiriwa kuwa hekta 600 hivi. Mapema miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Kama hekta haikuingii kichwani, chukua uwanja wa mpira uongeze karibu nusu yake, hiyo ni hekta moja. Na kama hekta 300,000 hazikuingii kichwani, ni eneo linalokaribia visiwa viwili vya ukubwa wa Unguja. Kina mama walipata kuni karibu na nyumbani. Nguzo za kujengea zikapatikana, asali, uyoga, matunda ya porini, mitishamba. Ndege walirudi. Shule nyingine ziliuza nguzo kutoka kwenye ngitili zao zikatengeneza madawati.

Haikuwa pepo. Wenye mifugo mingi walijipatia maeneo makubwa kuliko maskini, na magomvi ya mipaka yakawapo; mnapokuwa wakubwa mkasimamia mambo kama haya, hilo mlitazame mapema. Lakini msaada wa Norway ulipomalizika mwaka 2004, miti haikuondoka na magari ya mradi. Mwenye ngitili alikuwa yuko palepale, amekaa kibarazani kwake.

Mfadhili mmoja, basi, alikuwa na kiwanda kilichozimwa upande huu na misitu iliyofufuka upande ule. Mtu akikwambia misaada yote ni sumu, mpeleke Shinyanga. Akikwambia misaada ndiyo itakayotuokoa, mpeleke Kalokol.

Wengine mtakuwa mnajiuliza, babu, misaada hii hasa ni nini? Ni fedha, chakula, dawa au wataalamu ambao serikali ya nchi moja inaipa nchi nyingine. Sehemu ni ruzuku, yaani hairudishwi. Sehemu ni mikopo yenye riba ndogo, na hiyo mtailipa nyinyi mkiwa watu wazima, kwa hiyo mna haki ya kuuliza imetumikaje. Mwaka 1970 Umoja wa Mataifa ulikubaliana kwamba nchi tajiri zitoe asilimia 0.7 ya pato lao. Katika kila shilingi 1,000 inayoingia kwa tajiri, atoe shilingi 7. Nyingi hazijawahi kufika hapo. Norway ni mojawapo ya chache zinazofika na kupita.

Na kuna misaada yenye kamba. Tuseme jirani anakupa shilingi 20,000 ununue viatu vya shule, ila anakwambia lazima uvinunue kwenye duka la ndugu yake, ambako jozi ya shilingi 14,000 inauzwa 20,000. Viatu umepata, lakini zile 6,000 zimerudi kwao. Nchi nyingi zimefanya hivyo: tunawapa fedha za barabara, ila kampuni itoke kwetu. Shirika la nchi tajiri linaloitwa OECD lilikadiria kwamba kamba hiyo huongeza gharama kwa asilimia 15 hadi 30. Mwaka 2001 nchi hizo zilikubaliana kuilegeza kwa nchi maskini zaidi, na kulegea imelegea, lakini haijakatika.

Chakula nacho kina habari yake. Katika miaka ya njaa tulikula ugali wa mahindi ya njano kutoka Marekani. Tuliuita unga wa yanga kwa sababu ya rangi yake, kama jezi za timu ya Yanga. Ulituokoa, na mimi sitawahi kuusema vibaya unga ulioniokoa. Ila jueni kwamba kwa muda mrefu sheria za Marekani zilitaka chakula cha msaada kinunuliwe kwa wakulima wa Marekani na angalau nusu yake kisafirishwe kwa meli za Marekani. Safari ni ndefu. Meli ikichelewa ikafika wakati watu wameshavuna, mahindi ya bure yanaingia sokoni, na mkulima wa Mbozi au Kitale anabaki na magunia yake. Mwaka 2008 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kujaribu njia nyingine katika nchi 20, Kenya na Tanzania zikiwamo: kununua kwa wakulima wadogo wa hapahapa na kuwapelekea wenye njaa wa hapahapa. Na kule Arusha kiwanda cha A to Z, kwa utaalamu uliotoka kampuni ya Sumitomo ya Japani, kilianza mwaka 2003 kutengeneza vyandarua vyenye dawa ya kudumu. Wafadhili walivinunua kwa mamilioni kupambana na malaria, na maelfu ya watu, wengi wao wanawake, wakapata mishahara kiwandani. Fedha ileile ya msaada ilizuia homa na pia ikalipa ada za shule.

Lakini msidhani kukosea kumekwisha. Kuna kisa kimoja kinachowahusu watoto moja kwa moja. Afrika Kusini mtu alibuni pampu ya maji inayozungushwa kama bembea ya duara. Watoto wanaruka, wanazunguka, wanacheza, na chini maji yanavutwa kwenda kwenye tangi. Iliitwa PlayPump. Mwaka 2000 ilipata tuzo ya Benki ya Dunia. Mwaka 2006, New York, Laura Bush, mke wa rais wa Marekani wa wakati huo, alitangaza mchango wa dola milioni 16.4, na lengo likawa kusimika pampu 4,000 ifikapo 2010. Kila aliyeona picha za watoto wale wakicheka alitoa fedha. Mimi mwenyewe ningetoa.

Sasa jaribuni: nani kati yenu anaweza kuzunguka kwenye bembea kutwa nzima? Mnachoka, mnapata kizunguzungu, mnaenda darasani. Maji yanahitajika alfajiri mkiwa mmelala, na saa za masomo. Kule Msumbiji kina mama walikuja na ndoo zao, hawakukuta watoto, wakalazimika kuinama na kulisukuma gurudumu lile wenyewe, watu wazima, wengine wazee, mbele za watu. Baadhi ya vijiji vilikuwa na bomba la mkono lililofanya kazi vizuri, likang'olewa kupisha pampu hii iliyokuwa ghali zaidi kwa mbali. Ikiharibika, fundi alisubiriwa miezi. Mwaka 2009 gazeti la Guardian la Uingereza lilipiga hesabu: ili kufikia lengo la maji lililotangazwa, watoto wangetakiwa kucheza saa 27 kila siku. Siku ina saa 24.

Nawapongeza wafadhili wake kwa jambo moja. Mwaka 2010 mfuko wa Case Foundation, uliokuwa miongoni mwa wachangiaji wakubwa, ulikiri hadharani kwamba mradi haukutimiza ahadi. Ni wachache sana wanaokiri. Na bila kukiri, kosa la Kalokol linafungwa kwenye faili, kijana mwingine ofisini analirudia mahali pengine baada ya miaka 20.

Hata kijijini kwetu tulipata bomba la mkono, nikiwa shuleni. Mfadhili sitamtaja. Siku ya ufunguzi tuliimba, tukacheza, mbuzi akachinjwa, maji yakatoka meupe na baridi. Tulikunywa mpaka matumbo yakalia. Baada ya muda mpini ukaanza kugonga bila kuleta maji. Fundi aliyepita njia alilifungua akatuonyesha: washa ya mpira imelika, ndogo kuliko kifuniko cha soda. Hakukuwa na duka lililouza washa ile, si mjini wala mkoani, kwa kuwa bomba lilikuwa la aina inayotoka kwao. Mwenyekiti aliandika barua. Barua haikujibiwa. Mradi ulikuwa umefungwa, gari limeondoka, na hakuna aliyekuwa amefundishwa hata kushika spana. Mama akarudi kuchimba mchanga kwenye mto mkavu, akisubiri maji yajikusanye kikombe kwa kikombe. Niliichukia ile washa miaka mingi, kisha nikakua nikaelewa kwamba washa haikuwa na kosa.

Haya yote wakubwa wameyajadili, tena kwa muda mrefu. Tanzania ilikuwa mbele katika mjadala huo. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilishaonya kwamba nchi inayotegemea fedha za wengine ili iendelee inaweka uhuru wake rehani. Miaka ya 1990, uhusiano wa serikali yetu na wafadhili ulipoharibika, mchumi wa Kanada, Gerald Helleiner, aliongoza kundi la wataalamu kuangalia tatizo liko wapi. Ripoti yao ya mwaka 1995 ililaumu pande zote mbili, ikasema Tanzania iachwe ishike usukani wa maendeleo yake. Kisha mwaka 2005 nchi nyingi zilikutana Paris zikasaini azimio: wafadhili wafuate mipango ya nchi husika, watumie utaratibu wa nchi hiyo, waache kugongana. Maana ilifika mahali ofisa wa wizara anashinda akipokea wajumbe wa mfadhili huyu asubuhi na wa yule mchana, kila mmoja anataka ripoti kwa fomu yake, na kazi aliyoajiriwa haigusi. Serikali ya Tanzania ikalazimika kuwaomba wafadhili wasilete wajumbe katika miezi ya kuandaa bajeti. Mikutano mingine ikafuata, Accra mwaka 2008 na Busan mwaka 2011. Maneno yalikuwa mazuri. Utekelezaji ulikwenda polepole, kwa sababu anayetoa fedha hapendi kuachia usukani, na upande wetu wapo waliozoea kuishi kwa posho za semina.

Nasema hivyo kwa uchungu, na nasema wazi. Mwaka 2001, Abuja, viongozi wa Afrika waliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Nchi nyingi hazijafika huko. Tuliona dawa zinaletwa, tukatumia fedha zetu kwa mengine. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump alisaini amri ya kusimamisha misaada ya Marekani kwa siku 90, na tarehe 1 Julai mwaka huohuo USAID, shirika lililoanzishwa mwaka 1961, likafungwa. Katika nchi nyingi, Kenya ikiwamo, wahudumu wa afya waliokuwa wakilipwa kwa fedha hizo waliambiwa waende nyumbani. Wagonjwa wanaomeza dawa za Virusi vya UKIMWI kila siku walishikwa na hofu kubwa. Kuwakatia watu dawa ghafla ni ukatili, na sitalipamba jina. Na kujenga hospitali ambayo roho yake inategemea saini ya mtu aliye ng'ambo ya bahari ni uzembe wetu.

Mtaniuliza nyinyi mfanye nini, nanyi bado mnavaa sare za shule. Bomba la kwetu lina mwisho wake. Miaka mingi baadaye lilikuja jingine, la aina ambayo vipuri vyake vinauzwa mjini. Safari hii wageni walikaa na kijiji kwanza, siku nzima, wakaulizwa maswali magumu na bibi mmoja aliyetaka kujua nani atalitengeneza wao wakishaondoka. Wakakosa jibu, wakarudi mwezi uliofuata wakiwa nalo. Kijiji kikaunda kamati, kila kaya inachanga kidogo kila mwezi, na mabinti wawili walifundishwa ufundi. Mmoja wao huweka spana yake juu ya kabati la vyombo, imefungwa kwenye kitambaa cha kanga ya zamani. Nimeishika. Ni nzito kuliko unavyodhani.

Kwenye njia mnayopita kwenda shule kuna kibao cha mradi, kina nembo na majina. Kesho simameni mkisome. Kisha muulizeni mwalimu, au mwenyekiti wa mtaa, au mama muuza maandazi anayekaa hapo kila siku: kilichojengwa bado kinafanya kazi? Nani aliulizwa kabla hakijajengwa? Kikiharibika, spana iko nyumbani kwa nani? Andikeni majibu kwenye daftari, mnitumie hapa gazetini. Nitazisoma barua zote, na zile zisizo na majibu nitazipeleka mwenyewe kwa wanaotakiwa kujibu.